Kwa nini mchekeshaji anayependwa kwenye runinga hubuma Mbeya

Bango likibandikwa Kabwe au Mwanjelwa, na juu yake kuna sura ambayo kila mtu anaijua kutoka kwenye runinga, tiketi hutoka haraka. Watu wanavaa majaketi, maana usiku wa Julai Mbeya hauna masihara, wanajaza ukumbi na kuanza kuita jina la uhusika wake kabla hajatokea. Anapanda. Dakika tano za kwanza ni shangwe tupu. Ikifika ya kumi kicheko kimepungua. Ya ishirini watu wanapiga soga na jirani zao, na wale wa viti vya nyuma wameshatoa simu. Kesho yake mtaani hukumu ni moja: jamaa ameishiwa.

Mara nyingi hajaishiwa. Ameleta ufundi wa kazi moja kwenye kazi nyingine, na hakuna aliyemwambia, pengine hata yeye mwenyewe hajui. Sisi tunaita wote wachekeshaji: anayeigiza kwenye tamthilia, anayesimama peke yake na maiki, anayerekodi vipande vya dakika moja kwa simu, na emsii wa harusi. Jina hilo moja linaficha kazi ambazo sheria zake zinapingana. Nataka kuzitenganisha hapa, kwa sababu vijana wengi wenye kipaji kuanzia Iringa hadi Tunduma wanapoteza miaka kwa kutozitofautisha.

Tuanze na mwigizaji. Anaishi kwa uhusika, na uhusika hunoga kadiri unavyozoeleka. Amri Athuman wa Tanga, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la King Majuto, alirudia yule mzee mbishi, mjanja na mwepesi wa kuwaka katika filamu moja baada ya nyingine, na watu waliendelea kununua kwa sababu walijua watamkuta mzee wao yule yule. Lucas Mhuvile, yaani Joti, akibadilisha sauti na kuvaa nguo za mtu mwingine, mtazamaji anacheka kabla hajasikia neno. Anayecheka pale ameshamfahamu mtu huyo, anangoja afanye lile analotegemewa kufanya, na akilifanya, raha inakamilika. Tena mwigizaji hayuko peke yake. Ana mwenzake wa kumpokea maneno, ana mavazi, ana mhariri wa picha wa kukata pale palipolegea, na akikosea anarudia.

Anayesimama peke yake na maiki hana hata kimoja katika hivyo. Stendapu inasimama juu ya mshangao. Mchekeshaji anakujengea picha, unaanza kuona inakoelekea, halafu anaipindua mahali usipotarajia. Hapo ndipo panapoitwa panchi. Panchi ikishajulikana, mshangao umekwisha, na kilichobaki ni habari. Watu wanaweza kuangalia filamu ileile ya Majuto kila Sikukuu na kuvunjika mbavu, lakini mchekeshaji wa stendapu akirudi Mbeya na maneno ya mwaka jana, ukumbi utamtazama tu. Kwa mwigizaji, kurudia ndiko kunakojenga mtaji. Kwa mtu wa stendapu, kila kurudia kunautafuna. Anayefanya kazi zote mbili, na wakubwa wengi wa fani hii duniani wanafanya zote mbili, analazimika kuendesha biashara mbili ambazo akiba zake haziwekwi pamoja.

Yule nyota wa runinga aliyebuma alikuja na uhusika ambao ulitosha kwa dakika tano. Baada ya hapo ukumbi ulitaka kumsikia yeye mwenyewe, na hakuwa ameandaa kitu cha kusema akiwa yeye mwenyewe.

Hali hii ina historia yake. Kichekesho cha Tanzania kimekua zaidi upande wa uigizaji. Vikundi vikubwa vya maonyesho kama Muungano, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre) kilichoanzishwa mwaka 1992 chini ya Kapteni John Komba, mtu wa Ruvuma, vilizunguka nchi na onyesho moja refu lenye ngoma, sarakasi, taarabu, maigizo na vichekesho ndani yake. Mchekeshaji alikuwa na kipande chake, akimaliza anaingia mwingine. Redio Tanzania Dar es Salaam ikatupa Pwagu na Pwaguzi, wawili wanaogongana kwa maneno. Katikati ya miaka ya 2000 likaja kundi la Ze Comedy kupitia runinga ya EATV, ambalo baadaye lilihamia runinga ya taifa, TBC, na kujulikana kama Orijino Komedi, likiwa na akina Joti, Mpoki na Masanja Mkandamizaji, wakiiga watu na matukio ya wiki. Wakati huohuo filamu za diski zilikuwa zikimwagika kutoka Kariakoo hadi vibanda vya Makambako. Katika hayo yote mchekeshaji alikuwa ndani ya igizo. Stendapu yenye ukumbi wake na tiketi yake ilipata nguvu baadaye sana, kwanza Dar es Salaam, kwa majukwaa kama Cheka Tu, na ni Februari 2025 tu ndipo jijini humo zilipofanyika tuzo za kitaifa za wachekeshaji wenyewe, Rais Samia Suluhu Hassan akiwa mgeni rasmi. Kwa hiyo hadhira ya Nyanda za Juu Kusini ililelewa na uhusika, na sasa inauziwa kitu kingine kwa jina lilelile.

Kuna urithi mmoja, hata hivyo, ambao ni wa zamani kuliko redio na vikundi vyote, nao ni utani. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa.

Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, na uhasama ule ukageuka utani unaodumu hadi leo. Mngoni anaweza kumkuta Mhehe msibani na kumtolea maneno ambayo mtu mwingine akiyatamka, ngumi zitaruka. Na mtani wa msibani anafanya zaidi ya kusema. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na namna alivyokuwa akikohoa, anakalia jembe na kukataa kaburi lisichimbwe mpaka apewe chochote. Waliokuwa wakilia wanacheka huku machozi yakitiririka. Ukimtazama vizuri, mtu huyu anafanya kazi zote mbili ninazozieleza: anaigiza uhusika, na papo hapo anatunga maneno mapya kulingana na waliopo. Mimi naamini hakuna shule ya uchekeshaji iliyo bora kuliko msiba wenye watani.

Sasa kijana aliyekulia katika hali hiyo akipanda jukwaani Mbeya mjini anadhani ruhusa ile inaendelea. Haiendelei. Utani una pande mbili zinazofahamiana: nakutania, unanitania, na kila mmoja anajua mpaka wapi. Jukwaani maiki iko kwa mmoja. Anayetaniwa hana pa kujibia, na mara nyingi hakuwahi kuwa mtani wa anayemtania. Hebu tazama nani wamekaa kwenye viti vile: Mnyakyusa wa Tukuyu, Msafwa ambaye mji umejengwa kwenye ardhi ya babu zake, Mndali wa Ileje, Mnyiha wa Mbozi, Msangu wa Mbarali, Mkinga wa Makete mwenye duka Mwanjelwa, Mbena wa Njombe, na Msukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake. Mzaha juu ya Wakinga na utajiri wao, ambao Dar es Salaam ni wa kuchekwa tu, hapa unawagusa wenye maduka na wapangaji wao waliokaa mstari mmoja. Mzaha juu ya Wasukuma na mifugo ukipigwa Rujewa au Ubaruku unaangukia watu wanaokumbuka operesheni ya mwaka 2006 ya kuwaondoa wafugaji bondeni Usangu. Asiyejua hilo atashangaa ukumbi umenyamaza na kudhani maiki imezima.

Kuna mizaha mingine imechakaa kabisa. Wahehe na mbwa, eti wanawala, Wahehe na kamba, eti wanajinyonga: kila mtoto wa Iringa ameisikia kabla hajaanza shule, kwa hiyo mshangao haupo. Ule wa pili una ubaya wake zaidi, kwa sababu ndani ya ukumbi wowote Iringa au Njombe anaweza kuwapo aliyempoteza ndugu yake kwa namna hiyo. Sioni sababu yoyote ya kuendelea kuupandisha jukwaani.

Halafu kuna njia ya mkato ya salamu. Mgeni anafika Iringa anapiga "Kamwene!", ukumbi unalipuka. Kesho Mbeya anapiga "Ugonile!", ukumbi unalipuka tena. Ule ni ukarimu wa wenyeji, wanamshukuru kwa kuwatambua. Mchekeshaji anayehesabu makofi hayo kama kicheko anajidanganya kuhusu seti yake, yaani vichekesho alivyoviandaa.

Wanaofanikiwa huku hushuka chini zaidi ya kabila. Wanakwenda kwenye mambo ambayo watu wote wa ukumbi wanayaishi pamoja: mwenyekiti wa kamati ya harusi anayedai ahadi kwa sauti ya hakimu, konda wa daladala ya Uyole anayesema gari liko tupu wakati abiria wanapumuliana kisogoni, dalali wa viazi anayesema lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kipimo, ni gunia la kawaida, familia yenye majina yanayoanza na Mwa- matupu inayojaribu kupanga wageni wa sendofu kwa alfabeti. Na wanaanza na wao wenyewe. Ukishajichekesha kwa umaskini wako, baridi yako na mkwe wako, ukumbi unakupa ile ruhusa ambayo mtani alizaliwa nayo.

Twende barabarani. Ziara ya Nyanda za Juu Kusini inafuata barabara ya TANZAM, ile ya Tanzania na Zambia: unapanda Kitonga, unafika Iringa, kisha Mafinga, Makambako, Mbeya, Vwawa na Tunduma. Makambako kuna njia ya Njombe na Songea. Uyole kuna njia ya Tukuyu na Kyela. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, siku nzima ndani ya basi. Uwanja wa ndege wa Songwe ulipoanza kazi mwishoni mwa 2012 ulileta mgawanyiko ambao watu hawauzungumzii: nyota anaweza kutua Jumamosi mchana, akafanya shoo moja Mbeya, Jumapili akarudi. Miji ya katikati haimwoni kamwe. Hiyo ndiyo nafasi ya mchekeshaji wa barabarani. Mafinga na Makambako zina wafanyabiashara wa mbao na mazao wenye fedha mkononi na usiku mrefu wa baridi usio na pa kwenda.

Ratiba haipangwi kwa matakwa ya msanii. Huku mvua ni msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili, na miezi hiyo mkulima ameweka kila kitu shambani. Fedha huanza kuonekana mpunga wa Mbarali na Kyela unapovunwa kuanzia Mei, kisha inafuata kahawa ya Mbozi. Mufindi na Rungwe, kwenye chai, mzunguko ni wa mwezi kwa mwezi. Wanafunzi wana kalenda yao: Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa, Mkwawa na Ruaha, Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) na ndaki ya Mzumbe. Shoo ya wanafunzi wiki ambayo boom, yaani fedha za kujikimu za mkopo, limetoka na shoo hiyohiyo wiki tatu baadaye ni vitu viwili tofauti. Wakati wa Kwaresima harusi za makanisani husimama, na kwa mchekeshaji anayeishi kwa uemsii hicho ni kipindi cha njaa, hasa ukanda huu wenye Wamoravia, Walutheri na Wakatoliki wengi.

Fedha zenyewe zinakwendaje? Nitumie mfano wa kubuni, namba za kuonyesha njia tu. Ukumbi wa watu 300, kiingilio shilingi 10,000. Ukijaa, mlangoni ni 3,000,000. Toa ukumbi 400,000, vyombo vya sauti 500,000, matangazo ya redio na gari la kutangaza mtaani 400,000, vibali na ulinzi 150,000, nauli na malazi ya watu watatu 350,000, na wachekeshaji wawili wa kufungua shoo 200,000. Umetumia 2,000,000. Inabaki 1,000,000, promota na mchekeshaji wakigawana nusu kwa nusu kila mmoja ana 500,000, na hapo ukumbi umefurika. Wakija watu 200, zile 2,000,000 zote zimekwenda kwenye gharama na kila mtu anarudi nyumbani na simulizi. Nyomi ya kwenye picha na faida ni mambo mawili, na ndiyo maana promota mzoefu hukubali ukumbi mdogo uliojaa kuliko mkubwa wenye viti vitupu. Viti vitupu vinaua kicheko pia: watu hucheka wanapogusana mabega.

Basi kwa nini wazunguke? Kwa sababu shoo huzaa kazi nyingine. Aliyekuona Njombe akacheka atakuita kwenye harusi ya binti yake, na harusi moja yenye bajeti nzuri yaweza kulipa kuliko shoo mbili. Kampuni inayotafuta sauti ya tangazo humtafuta anayejulikana mikoani. Na wengi wana kitu kingine kando. Emmanuel Mgaya, Masanja Mkandamizaji, alijulikana kwa kilimo cha mpunga Mbarali na kwa mahubiri kiasi kilekile alichojulikana kwa komedi, na sioni kwamba hilo lilimpunguzia usanii. Mchekeshaji asiyebanwa na kodi ya nyumba anaweza kukataa shoo mbovu.

Vibali navyo ni vya kuvijua mapema. Msanii anasajiliwa na BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Filamu na maigizo vina bodi yake chini ya sheria ya 1976. Na ngazi ya halmashauri mlango wa kwanza ni afisa utamaduni. Anayefika mjini Ijumaa na kuanza kutafuta sahihi atalia.

Upande wa uigizaji, hatari haiko mlangoni, iko kwenye karatasi. Mwigizaji wa vichekesho mara nyingi hulipwa mara moja: anasaini, anapewa fedha taslimu, na kazi inakuwa mali ya aliyemlipa. Tangazo linaweza kuendelea kuchezwa, filamu inaweza kuuzwa upya kwenye kituo kingine, yeye hapati kitu. King Majuto alipougua, jambo hili likawa la kitaifa. Mwaka 2018 waziri aliyesimamia sanaa, Dk. Harrison Mwakyembe, wakati huo mbunge wa Kyela, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii baada ya mikataba ya mzee yule kuzua maswali. Majuto alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Nchi nzima ilikuwa imecheka naye kwa miongo, na mjadala wa mwisho juu yake ulikuwa kama alilipwa haki yake. Jambo hilo bado linaniuma.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Lakini inalinda kilichoandikwa au kurekodiwa kwa namna yake, hailindi wazo. Ukiigiza mama mkwe mkali, mwingine anaweza kuigiza mama mkwe mkali kesho. Akichukua maneno yako na mpangilio wako, hapo una kesi, ikiwa una maandishi au rekodi yenye tarehe. Wachekeshaji wa huku wengi wanahifadhi kila kitu kichwani. Daftari la shilingi elfu moja lingewasaidia sana. Na kabla ya kusaini, maswali ni machache: kazi itaonyeshwa wapi, kwa muda gani, ikiuzwa tena napata nini, na je, uhusika nilioubuni naruhusiwa kuutumia kwenye shoo zangu? Hilo la mwisho husahaulika, kumbe ndilo linaloamua kama utaweza kupanda jukwaani Iringa ukiwa mtu yule ambaye watu wamelipa kumwona.

Simu imekuja kuvuruga mpaka wa kazi hizi mbili. Kipande cha dakika moja kinafika Ludewa kabla basi halijawashwa, na kimewatoa vijana ambao hakuna redio ingewasikiliza. Anne Kansiime, mchekeshaji wa Uganda aliyezaliwa Kabale, milimani kama kwetu, alianza kwenye vikundi vya maigizo Kampala, video zake za YouTube zikamsambaza, ndipo akaanza kujaza kumbi hadi nje ya Afrika. Lakini angalia alichoweka mtandaoni: uhusika, yule mwanamke asiyekubali kuonewa. Kitu kinachonoga kwa kurudiwa. Kijana wa Mbeya anayeweka panchi zake bora za jukwaani mtandaoni anaichoma seti yake, maana watu 300 watakaokuja Makambako wameshaiona. Ushauri wangu kwa hili ni mkali: uhusika uende kwenye simu, maneno ya jukwaani yabaki jukwaani mpaka ziara iishe.

Na fedha za mtandaoni zisimdanganye mtu. YouTube inataka uwe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo ianze kukugawia matangazo ya video ndefu, na hapo unapata asilimia 55. Kiasi kinategemea sana mtazamaji yuko wapi, maana tangazo la mtazamaji wa Vwawa haliuzwi bei ya tangazo la mtazamaji wa Chicago. Kwa watazamaji wa Marekani, kodi ya huko inaweza kukata hadi asilimia 30 kwa kuwa Tanzania haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Nyumbani, Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka zuio la asilimia 5 kwenye malipo ya watengeneza maudhui ya mtandaoni. Pia mtandao una sheria zake kali kuliko ukumbi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na kanuni za maudhui zilizoanza 2018. Idris Sultan, mshindi wa Big Brother Africa ya 2014, anayefanya stendapu na kuigiza pia, aliishia mikononi mwa polisi mwaka 2019 na tena 2020 kwa picha na video za mzaha zilizomhusu Rais wa wakati huo. Mzaha wa ukumbini unabaki na waliolipa kiingilio. Ukiwa kwenye simu, atautazama hata yule asiyejua ulisemwa katika hali gani.

Kinachokosekana huku, kuliko vyote nilivyotaja, ni chumba kidogo cha kubumia. New York mchekeshaji anaweza kupita klabu kadhaa usiku mmoja, Comedy Cellar na nyinginezo, akijaribu dakika kumi hapa na kumi pale, na wakubwa hutumia miezi mingi hivyo kabla ya kurekodi saa moja. Mbeya na Iringa kijana anaijaribu panchi yake kwa mara ya kwanza mbele ya watu waliolipa. Harusini hawezi kujaribu, kuna wazee na mchungaji. Ndiyo maana vyuo vimekuwa muhimu: wanafunzi wanasamehe, wanazomea kwa upendo, na wiki ijayo wanarudi. Mmiliki wa mgahawa Soweto ya Mbeya au Gangilonga ya Iringa akitoa Jumanne moja kwa mwezi, viti 30, maiki moja, bila kiingilio, atauza chai na chipsi usiku ambao kwa kawaida hana mteja, na wachekeshaji watapata mahali pa kuanguka bila kuvunjika.

Kijana aliyepitia hapo atapigiwa simu siku moja kutoka Dar es Salaam: kuna tamthilia, wanataka sura mpya. Wengi hufunga mizigo usiku uleule. Sidhani kama ni lazima kuhama. Tamthilia inarekodiwa kwa mafungu ya siku, na sikio linalojua konda wa Uyole anasemaje hupotea taratibu likikaa mbali. Achukue kazi, ampe prodyuza uhusika wake, asome mkataba mara mbili. Ila aombe siku za kurekodi zipangwe kati ya Januari na Aprili, wakati mvua inanyesha na kumbi zimelala, kwa sababu kuanzia mpunga wa Mbarali unapovunwa mpaka kahawa ya Mbozi inapolipwa, yeye atakuwa barabarani.